Ngoma ndani ya Tanki ya Mazuti

Wazee wetu walijua: ngoma bila watu wa kuitikia ni kelele tu. Ndiyo maana filimu moja ya Faustin Linyekula, mchezaji wa Kisangani, imenisumbua.

Chini ya jumba la Tate Modern, London, kuna matanki ya duara ya betoni, kila moja upana wake unapita metre 30. Zamani yalijaa mazuti ya Bankside, kiwanda cha umeme kilichofungwa mwaka 1981. Mwaka 2012 wakayafungua kwa michezo na sanaa. Hapo nawasifu: kuta hawakuzipamba, uzee wake unaonekana.

Mwezi wa tatu 2020 Linyekula alipaswa kucheza mule «My Body, My Archive», ni kusema mwili wangu ndiyo sanduku la kumbukumbu zangu. Korona ikafunga milango. Akacheza mbele ya kamera, watazamaji hakuna hata mumoja.

Wengine watasifu ukubwa wa pale. Mimi naona betoni inameza mtu. Lakini tazama: mwaka 2017, kwa Metropolitan Museum ya New York, alitunga «Banataba» kutokana na sanamu ya Walengola iliyokuwa imewekwa ghalani. Sanamu ghalani, mchezaji tankini: si ni jambo lile lile? Ule utupu, ambao hakuuchagua, umesema kitu ambacho ukumbi uliojaa ungekificha.

Filimu ilipita kwenye intaneti, sawa. Ila kule Ubundu alikozaliwa, nani alikuwa na mega za kuiangalia mpaka mwisho?