Garimoshi Lina Jina, Fundi Hana

Ukitoka Muthurwa kwa miguu, ukajipenyeza kati ya matatu na mikokoteni, haichukui muda kufika Makumbusho ya Reli. Nimeenda mara nyingi tangu utotoni, na kila mara naanzia palepale: behewa alimolala Charles Ryall pale Kima mwaka 1900. Alikuwa akimvizia simba. Usingizi ukamchukua, kisha simba akamchukua. Watoto wa shule hawabanduki hapo.

Halafu naenda kwa injini nambari 5918, jitu la tani 250 hivi lililoundwa Manchester mwaka 1955, likapewa jina la mlima Gelai wa Tanzania. Babu yangu alikuwa fundi wa karakana, akikaza mitambo ya aina hii. Bibi alikuwa akituambia ovaroli yake haikuwahi kutakata, hata uifue na sabuni gani.

Sasa kuna mpango wa Nairobi Railway City, kujenga upya ekari 425 kuzunguka stesheni. Swali langu ni moja: hapo kukiwa na kituo cha wageni, hadithi itaanzia wapi? Mazoea yetu tunayajua: injini kwanza, kisha Mzungu, kisha simba. Vibarua zaidi ya 31,000 walioletwa kutoka India huwa takwimu tu, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Fundi Mwafrika aliyekuja baadaye hata takwimu hapati.

Mimi ningeanzia chumbani, Muthurwa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Chumba kimoja tu: kitanda, jiko la makaa, ovaroli kwenye msumari, na nje bomba la maji la watu wote. Halafu ningeeleza jinsi wapangaji walivyotakiwa kuhama mwaka 2010 wakaenda Mahakama Kuu, nayo mwaka 2013 ikaamua kwamba haki zao zilikiukwa. Hiyo pia ni historia ya reli, na wenyewe wako hai kuisimulia.

Mtaniambia nani atalipa kiingilio kuona keja ya mtu wa Eastlands. Sawa, lakini behewa la Ryall ni nini, kama si chumba cha mbao chenye dirisha? Kinachowaganda watoto pale ni kuambiwa nani alilala ndani na yaliyompata. Muthurwa nako watu walilala. Tuwataje.