Jinsi kitenzi "run" kilivyofikisha maana 645

Mwaka 2011 wahariri wa Oxford English Dictionary walikamilisha kuandika upya kitomeo cha kitenzi "run". Walikihesabia maana 645, kikawa kitomeo kirefu kuliko vyote katika kamusi hiyo. Katika chapa ya kwanza, iliyokamilika mwaka 1928, nafasi hiyo ilishikwa na "set". Peter Gilliver, mhariri aliyekabidhiwa "run", alikaa na neno hilo moja kwa takriban miezi 9. Idadi hiyo ya maana ikaenea magazetini kama ushahidi wa utajiri wa Kiingereza, lakini namna ilivyopatikana haikuelezwa sana, na mafunzo yako huko.

Kamusi hii huanza na ushahidi. Katika enzi za mhariri wake James Murray, katika karne ya 19, wasomaji wa kujitolea walikuwa wakinakili sentensi kwenye vipande vya karatasi, pamoja na jina la kitabu na mwaka wake, kisha wakavituma kwa wahariri. Siku hizi kompyuta huleta nukuu kwa maelfu, ila kuzigawa mafungu bado ni kazi ya mtu. Mhariri ana mbele yake sentensi ya mto unaotiririka, ya pua inayochuruzika makamasi, ya basi linalopita kila saa, ya rangi iliyochuja nguo ilipofuliwa, ya mgombea urais na ya mwenye duka. Zote zina "run". Kwa kila moja lazima aamue kama ni maana mpya au ni ile ya jana iliyopata mtenda mwingine.

Sarufi ndiyo inayokata kwanza. Matumizi yasiyo na shamirisho hukaa upande wake, yenye shamirisho upande wake, na yale yanayofuatwa na vijineno kama "out" na "over" hupewa sehemu yao. Baada ya hapo, historia hushika usukani: maana kongwe hutangulia, na kila maana huonyeshwa kwa nukuu zenye tarehe. Mpangilio huo unamwezesha msomaji kuona injini, treni na viwanda vikiingia katika kitenzi hiki, na baadaye programu za kompyuta. Enzi ya mashine ilikinenepesha sana.

Lakini mashine si chanzo pekee. Zamani sana, katika lugha za Kijerumaniki zilizokizaa Kiingereza, kulikuwa na vitenzi viwili. Kimoja kilihusu kwenda mbio au kutiririka. Cha pili kilihusu kukifanya kitu kiende mbio, nacho kiliundwa kutokana na cha kwanza kwa kuongezewa kiambishi, kama sisi tunavyopata kimbiza kutoka kimbia. Karne zikapita, sauti zikamomonyoka, na vitenzi hivyo viwili vikaangukia umbo moja. Ndiyo maana leo farasi hu-run, na mwenye farasi naye huweza kum-run. Hata "set" ni kauli ya kutendesha ya "sit", yaani ketisha kwa keti; bahati yao ni kwamba maumbo yao hayakuungana.

Kiswahili hakikupoteza viambishi vyake. Kutoka enda tunapata endea, endesha, endelea, endeleza na endana, na kila kinyambuo kina kazi inayojulikana. Mwenye duka anaendesha duka, dereva anaendesha gari, mkutano unaendelea. Mhariri wa Kiingereza angelazimika kuzirundika maana hizi zote chini ya umbo moja, ilhali kwetu umbo lenyewe limeshamwambia msomaji nusu ya maana. Kwa hiyo 645 ni hesabu ya maana, na pia ni hesabu ya mambo ambayo Kiingereza hakiwezi tena kuyaonyesha ndani ya kitenzi.

Hapa ndipo orodha nyingi za msamiati mashuleni zinapomwangusha mwanafunzi. Zinaandika kwamba "run" ni kimbia, basi. Mwanafunzi huyo akikutana na familia iliyoishiwa sukari, mtoto aliyegongwa na gari, mgonjwa mwenye homa, au mtu aliyefungulia maji ya kuoga, anabaki kuwakimbiza wote. Hata kimbia yenyewe hailingani na "run" moja kwa moja, kwa sababu kwetu hubeba pia kutoroka: mtu hukimbia vita, hukimbia deni.

Walimu na watunzi wa kamusi za lugha mbili, msianze na kisawe. Anzeni na sentensi: nani anatenda, je, kuna kinachotendwa, na ni kijineno gani kinachofuata kitenzi. Maswali hayo matatu yanatosha kutenganisha matumizi mengi ya "run" ambayo mwanafunzi wa sekondari atakutana nayo, na majibu yake Kiswahili tayari kinayo.