Maarifa Katika Redio Kuukuu

Miongoni mwa kazi za mikono zistahilizo sifa katika nchi yetu, naiweka mbele kazi ya mwalimu aifunguaye redio iliyokufa mbele ya wanafunzi wake, akaving'oa viungo vyake kimoja kimoja, na kwa hivyo vilivyotupwa akawafundisha elimu ya umeme. Watu wa Korogwe si wageni wa umeme, kwani mitambo ya Hale huuzalisha kwa maji ya mto Pangani tangu mwaka 1964. Lakini mtambo wa megawati 21 haushikiki viganjani, ilhali resista iliyotolewa katika bodi kuukuu hushikika, na kanuni aliyoitangaza Georg Ohm mwaka 1827 yavitawala vyote viwili.

Wapo wasemao kwamba vifaa chakavu ni vya dharura tu, hata shule ijaaliwe fedha za kununua vipya. Siafikiani nao. Kifaa kipya huaminiwa, na aghalabu mwanafunzi hukifunga mahali pake pasipo kukijua. Kikuukuu sharti kihojiwe. Ataisoma mistari ya resista, kahawia, nyeusi, nyekundu, apate omu 1000, kisha aipime kwa mita athibitishe kuwa umri haujaibadili. Na transista ataijaribu baina ya besi na kila mmoja wa miguu miwili iliyosalia, aone kama mkondo wapita upande mmoja na kukataa wa pili. Ukipita kote kote, transista imekufa, naye amekwisha kujua transista ni nini.

Hadhari hutangulia. Kapasita kubwa ya televisheni yaweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Basi mwanafunzi mchanga na apewe redio ya betri, na madirisha yawe wazi wakati wa kulehemu.

Huko Handeni, katika nchi ya Wazigua, ambako ukame ni jambo la kawaida na bomba kuu huleta maji ya Pangani kutoka upande wa Korogwe, lipo somo linalofaa mno: taa ya kuarifu kwamba tangi limejaa. Yatakiwa transista moja, resista mbili, taa nyekundu ndogo kutoka redio mbovu, betri nne kavu, na nyaya mbili zinazoning'inia karibu na mdomo wa tangi. Maji yakizigusa, mkondo hafifu hupita ndani yake na kuifikia besi, nayo transista huufungulia njia mkondo mkubwa zaidi, taa ikawaka. Baada ya muda waya mmoja huliwa na umeme ule ule, taa ikafifia, na ndugu wa nyumbani mwa mwanafunzi wakadhani chombo kimeharibika. Naye aliyekiunda hupanda juu ya tangi na kipande cha msasa, akausugua waya ule.