Bei hupanda kwa ngazi: kuchora tarehe zisizolingana katika lahajedwali

Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli nchini Kenya, hutangaza bei za juu kabisa za mafuta, na bei hizo hushika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Upande wa Tanzania, bei kikomo za EWURA, mamlaka ya nchi hiyo inayolingana na EPRA, huanza Jumatano ya kwanza ya mwezi. Anayetaka kuziweka nchi hizi mbili kwenye chati moja hudhani ni kazi ya dakika kumi: safu ya tarehe, safu ya bei, chati ya mstari, basi. Chati inatoka, inapendeza, na karibu kila kitu ndani yake kimekaa pasipo pake.

Nimechagua mfano wa petroli ya Nairobi katika mwaka 2023. Kwa lita moja, kwa shilingi za Kenya, bei zilikuwa hivi: 15 Mei, 182.70, 15 Juni, 182.04, 1 Julai, 195.53, 15 Julai, 194.68, 15 Agosti, 194.68 tena, 15 Septemba, 211.64, 15 Oktoba, 217.36. Jicho linagota kwenye tarehe mosi Julai. Siku hiyo kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na EPRA ikatoa bei mpya kipindi kikiwa bado katikati. Ingizo hilo moja lisilofuata kalenda ndilo lililonivuta. Data inayoingia kila tarehe 15 bila kukosa huvumilia uchoraji mbaya, wala hutajua kama umekosea.

Kwanza tarehe zenyewe. Ndani ya Excel hakuna Julai wala Septemba, kuna hesabu ya siku tu. Tarehe 1 Julai 2023 ni namba 45108, siku zikihesabiwa tangu 1 Januari 1900. (Hesabu hiyo imezidi siku moja. Excel inakubali kwamba kulikuwa na tarehe 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwahi kuwapo; kosa hilo lilichukuliwa kwa makusudi kutoka Lotus 1-2-3 ili mafaili ya programu hizo mbili yasomane. Bei za petroli hazidhuriki.) Seli yenye namba hiyo inaweza kuvaa sura yoyote ya tarehe na bado ikabaki namba. Seli yenye herufi zinazofanana na tarehe haina thamani yoyote kwa mhimili wa chati.

Balaa huanza pale data inapobandikwa kwenye kompyuta iliyowekwa kwa mpangilio wa Marekani, mwezi kwanza. Andiko 15/6/2023 halisomeki, maana hakuna mwezi wa kumi na tano, hivyo linabaki maandishi na kuegemea kushoto mwa seli. Andiko 1/7/2023 linasomeka vizuri kabisa, ila kama tarehe 7 Januari. Kwa data ya Kenya kosa hili linapiga kelele: karibu safu nzima imeegemea kushoto, na yeyote mwenye macho ataona. Data ya Tanzania inaharibika kimyakimya. Jumatano ya kwanza ya mwezi lazima iangukie kati ya tarehe 1 na 7, na kila namba kati ya 1 na 7 ni mwezi halali. Bei ya Dar es Salaam ya 6/9/2023, shilingi 3,213, inahamia tarehe 9 Juni. Ile ya 4/10/2023, shilingi 3,281, inahamia tarehe 10 Aprili. Oktoba sasa inatangulia Septemba, seli zote zimeegemea kulia kama tarehe halisi, na chati inachorwa bila onyo lolote.

Badilisha mpangilio wa eneo uwe wa Kenya au Tanzania kabla ya kubandika, au andika mwaka kwanza, 2023-07-01, mtindo ambao programu za lahajedwali husoma vilevile popote. Kisha kagua. Kwa Kenya inatosha ISNUMBER kwenye safu nzima: tarehe 15 zilizobaki maandishi zitatoa FALSE. Kwa Tanzania tumia kalenda yenyewe iwe shahidi: =WEEKDAY(A2) lazima itoe 4, yaani Jumatano. Tarehe 9 Juni 2023 ilikuwa Ijumaa na 10 Aprili ilikuwa Jumatatu, kwa hiyo wakimbizi hao wawili wanakamatwa papo hapo.

Sasa mhimili. Chati ya mstari ina mihimili ya chini ya aina mbili, na programu huchagua yenyewe usipoingilia. Mhimili wa maandishi hupanga maingizo kwa umbali ulio sawa: kutoka 15 Juni hadi 1 Julai, siku 16, na kutoka 15 Agosti hadi 15 Septemba, siku 31, vinapewa nafasi ileile. Mhimili wa tarehe hupima siku. Hata huo una mtego wake, kwa sababu una kipimo cha msingi: siku, mwezi au mwaka. Kikiwa mwezi, bei ya 1 Julai na ya 15 Julai zinasimama juu ya alama moja. Excel hubahatisha kipimo hicho kwa kutazama tarehe zilizo karibu zaidi, kwa hiyo chati iliyoanzishwa kwa tarehe 15 tupu huwa imeamua kwamba kipimo ni mwezi. Fungua mipangilio ya mhimili, weka siku, na usiiachie mashine.

Hapo wengi huridhika. Mimi naona kosa kubwa zaidi bado liko juu ya chati. Mstari unaounganisha 15 Agosti na 15 Septemba unapanda taratibu kutoka 194.68 hadi 211.64, kana kwamba tarehe 31 Agosti mwenye matatu alilipa kama 203. Hakulipa hivyo. Alilipa 194.68 hadi usiku wa tarehe 14, akaamka na 211.64. Bei inayotangazwa huruka, na mchoro wake wa haki ni ngazi. LibreOffice Calc ina mstari wa ngazi kama chaguo kamili. Excel haina, na watu huzunguka kwa kuandika kila tarehe mara mbili, bei ya zamani na mpya. Inafanya kazi, lakini inachafua data, na data iliyochafuliwa kwa ajili ya mchoro mmoja itakugharimu kwenye mchoro wa pili.

Njia ninayoipendelea ni kuacha matangazo kwenye karatasi moja, tuiite Data, yakiwa na safu tatu: tarehe ya kuanza, bei, na siku ya mwisho ya bei hiyo kwa mujibu wa tangazo. Karatasi ya pili, Chati, ina siku zote, moja baada ya nyingine. Seli D2 ni =Mwanzo (jina la seli yenye tarehe ya kwanza ya chati), D3 ni =D2+1, na kuendelea chini hadi siku elfu moja kama unataka. Pembeni, kila siku inaulizia bei yake:

=IF(D2>MAX(Data!$C:$C),NA(),LOOKUP(D2,Data!$A:$A,Data!$B:$B))

LOOKUP, ikikosa siku yenyewe, huchukua tangazo la karibu lililotangulia, mradi tarehe zimepangwa kuanzia ya zamani. Ndiyo kanuni ileile ya kituo cha mafuta: bei ya leo ni ya tangazo la mwisho. Sehemu ya kwanza ya fomula inazuia kosa ambalo nimeliona kwenye ripoti zaidi ya moja, bei ya zamani kuburutwa hadi leo kwa sababu tu hakuna aliyeingiza mpya. Ikipita siku ya mwisho iliyotangazwa, seli inatoa NA() na mstari unakatika. Usiweke alama mbili tupu za nukuu badala ya NA(). Excel huzichora kama sifuri, na petroli ya Nairobi itaonekana kutolewa bure.

Mwanzo na Mwisho ni seli mbili zenye majina, na ndizo zinazoifanya chati inyumbulike. Msomaji anaandika tarehe mbili, chati inafuata. Chati ya Excel haikubali fomula ndani ya kisanduku cha data yake, ila inakubali jina, likitanguliwa na jina la faili au la karatasi. Kwa hiyo unatunga jina Siku lenye maana hii:

=Chati!$D$2:INDEX(Chati!$D:$D,Mwisho-Mwanzo+2)

na jingine la namna hiyo kwa safu ya bei. Vitabu vingi hutumia OFFSET mahali pa INDEX. Matokeo ni yaleyale, ila OFFSET hukokotolewa upya kila unapogusa seli yoyote, na faili kubwa huanza kukokota miguu.

Faida ya safu ya kila siku inaonekana zaidi kwenye wastani. Jedwali egemeo likikusanya matangazo kwa mwezi, Septemba 2023 ina tangazo moja tu, basi wastani wake unatoka 211.64. Lakini siku 14 za mwanzo zilikuwa za 194.68 na 16 zilizobaki za 211.64, wastani wa siku ni 203.73. Tofauti ni karibu shilingi nane kwa lita, na mtu anayekadiria gharama za usafiri wa mwezi huo ameshapotea kabla hajaanza. AVERAGEIFS juu ya safu ya siku inamaliza shauri.

Kulinganisha nchi mbili ndiko kunakohitaji uangalifu. Shilingi hizi si moja, kwa hiyo kila bei hugawanywa kwa bei ya siku ya msingi na kuzidishwa kwa 100. Wengi huifanya Mwanzo kuwa siku ya msingi. Hapo chati inayonyumbulika inageuka kigeugeu. Weka Mwanzo tarehe 20 Septemba: kufikia tarehe 20 Oktoba Nairobi imepanda asilimia 2.7 na Dar es Salaam 2.1, karibu sawa. Rudisha Mwanzo nyuma hadi tarehe 10 Septemba: Dar es Salaam bado ni 2.1, Nairobi sasa ni 11.6. Bei hazijabadilika, kilichobadilika ni upande wa tarehe 15 ambapo dirisha, yaani kipindi cha Mwanzo hadi Mwisho, limeanzia. Siku ya msingi ipewe seli yake, Msingi, itajwe kwenye kichwa cha chati, na isisogee dirisha linaposogea. Hata hivyo bado ni uamuzi wa mwandishi, na mwandishi aueleze.

Mhimili wa wima nao ufungwe kwa namba ulizochagua. Ukiachwa ujipange, kila dirisha litajazwa juu hadi chini, na senti sitini na sita zilizopungua Juni zitaonekana kubwa sawa na shilingi kumi na saba zilizoongezeka Septemba.

Yamebaki majina ya miezi. Wengi hutaka yasomeke kwa Kiswahili, na fomula ya TEXT inaweza kuandika Julai au Septemba vizuri sana. Ila matokeo ya TEXT ni herufi, na ukiyapeleka kwenye mhimili unarudi kwenye mhimili wa maandishi, umbali sawa kwa kila ingizo. Acha namba zibaki kwenye safu. Kwenye mipangilio ya mhimili, mahali pa umbo la namba, andika [$-441]mmm yyyy. Msimbo huo wa 441 ni wa Kiswahili cha Kenya.