Dhamira Kabla ya Wahusika? Maandalizi ya Riwaya katika Kazi za Kitereza na Kezilahabi

Katika mijadala ya utunzi wa riwaya ya Kiswahili huulizwa mara kwa mara kipi kitangulie: dhamira au wahusika. Mazoea ya kutenga fani na maudhui yamelifanya swali hili lionekane kana kwamba mtunzi hana budi kuchagua kimoja. Makala haya yanadai kwamba dhamira kutangulia si kasoro. Kasoro huzuka pale dhamira isipogeuzwa kuwa haja ya mhusika kabla ya uandishi kuanza. Hoja hii inachunguzwa kupitia watunzi wawili wa Ukerewe, kisiwa kilicho ng'ambo ya maji yanayoigusa Ilemela.

Aniceti Kitereza alikamilisha riwaya ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya mwenyewe ilichapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Lengo lake lilikuwa bayana: kuhifadhi lugha na mila za Wakerewe. Lengo la aina hiyo lingeweza kuzaa orodha ya desturi tu. Lililoiokoa kazi hii ni ugumba. Wazazi wa Bugonoka wanamrudisha kwao kwa sababu ya masimango ya jamaa za mumewe, na Myombekere, asiyekubali kumpoteza mkewe, anatozwa na wakwe pombe ya ndizi. Maelezo marefu ya utengenezaji wa pombe hayasomeki kama somo la mila, kwa kuwa pombe isipoiva mke harudi. Desturi inaingia katika hadithi kwa sababu kuna mtu anayeihitaji.

Euphrase Kezilahabi anatoa mfano wa pili katika Rosa Mistika (1971). Dhamira ya malezi inajengwa na uhusiano wa watu wawili. Zakaria ni mlevi, lakini pia ni baba anayeamini kwamba kipigo kitamlinda binti yake. Rosa anaondoka nyumbani akiwa amefundishwa kuwaogopa wanaume, bila kufundishwa kuishi nao. Anguko lake linatokana na ulinzi uleule uliokusudiwa kumwokoa. Hapa msomaji hapewi hukumu nyepesi: Zakaria ana hatia, lakini hatia yake ina sababu inayoeleweka.

Gamba la Nyoka (1979) inaonesha hali tofauti. Wahusika wake wakuu wanaitwa Mamboleo na Mambosasa. Yaweza kutetewa kwamba majina hayo ni kejeli dhidi ya wasomi wa kipindi cha Ujamaa, na utetezi huo una uzito. Tena, jina lenye maana halitoshi kumtia mhusika hatiani, kwani hata jina la Rosa limebeba kinaya cha kidini. Tofauti iko kwingine. Rosa ana jambo analolitaka linalogongana na dhamira, ilhali mara nyingi vijana hawa wawili wanasimama kama pande mbili za mjadala ambao mtunzi ameshaupanga. Mjadala unaeleweka vema. Wanaojadiliana ndio wasiokumbukwa.

Matokeo ya ulinganisho huu yanamhusu mtunzi wa leo. Mwandishi anayetaka kuandika juu ya Mwaloni wa Kirumba, Ilemela, aghalabu huanza na neno "unyonyaji". Akiishia hapo, atapata tajiri katili na mvuvi mwema, na riwaya itakuwa imekwisha kabla ya sura ya pili. Akijiuliza zaidi, atamwona mwanamke mwenye deni anayeanika dagaa huku mawingu yakitanda, ambaye mdai wake ndiye pia anayemlipia mwanawe ada ya shule. Unyonyaji upo palepale, lakini sasa umefungamana na shukrani, na mwanamke hawezi kuukataa bila kuvunja kitu anachokipenda.

Kwa hiyo, kipimo cha maandalizi hakiko katika wingi wa maelezo kuhusu sura, umri na tabia za wahusika. Mtunzi hana budi aweze kueleza mhusika anataka nini, nani anamzuia, na kwa nini anayemzuia naye ana haki kiasi fulani. Uhakiki nao unapaswa kubadili swali lake: badala ya kuuliza mhusika anawakilisha dhamira gani, uulize dhamira inamgharimu mhusika nini.