Mbweha Aliyegeuka Mke: Wahusika Wapya kutoka Ngano za Kijapani

Miongoni mwa wanyama wote wa ngano za Japani, hapana aliyesafiri mbali na kwao kama mbweha, aitwaye kwa Kijapani kitsune. Katika miaka hii ya karibu ameingia katika riwaya, vitabu vya picha na michezo ya kompyuta ya nchi nyingi, na watungaji wasio Wajapani wamembuni upya kwa majina na tabia mpya. Katika kubuni hamna lawama. Lipasalo kuulizwa na mhakiki ni hili: mtungaji amechukua nini kwa wenyewe, naye amemwambia nini msomaji juu ya hicho alichokichukua? Vitabu viwili vyafaa kupimwa kwa swali hilo, The Dream Hunters cha Neil Gaiman, chenye michoro ya Yoshitaka Amano (1999), na The Fox Woman cha Kij Johnson (2000). Vilitoka karibu wakati mmoja, na vyote viwili vyasimulia habari za mbweha jike aliyempenda mwanadamu.

Yafaa kwanza kuutazama msingi. Nihon Ryōiki, mkusanyo wa hadithi ulioandikwa na mtawa Kyōkai mwanzoni mwa karne ya 9, wasimulia habari za mtu wa Mino aliyekutana na mwanamke njiani, akamwoa, wakapata mtoto wa kiume. Siku moja mke alipokwenda kuwapa chakula wanawake waliokuwa wakitwanga mpunga, mbwa wa nyumbani alimrukia. Kwa hofu akarudia umbo lake la mbweha. Mume hakumfukuza. Alimwambia kwamba, maadamu wamezaa pamoja, aje kila mara kulala. Na kwa maneno hayo, kitsu-ne, yaani njoo ulale, msimulizi ahusisha jina la mnyama. Wanaisimu hawaikubali asili hiyo. Ni maelezo ya kienyeji yaliyozuliwa baada ya neno kuwapo. Lakini yaonyesha waziwazi sheria ya ngano: pana umbo la kuazima, pana siri, na siri ikifichuka pana utengano. Mbweha wa Kijapani si mjanja tu kama sungura wa ngano zetu. Ujanja wake humtia yeye mwenyewe matatani.

Wengi wa wabunifu wa siku hizi huiacha sheria hiyo, wakachukua mapambo: masikio, vinyago, na hasa mikia 9. Mikia hiyo yenyewe yatoka Uchina, ambako Kitabu cha Milima na Bahari kilikwisha kumtaja mbweha wa namna hiyo zamani sana. Hata hivyo pambo laweza kutumika vizuri. Masashi Kishimoto, katika hadithi ya picha ya Naruto (1999–2014), alimfungia mbweha wa mikia 9 ndani ya mwili wa mtoto, na kwa hivyo siri ikarudi mahali pake: kijiji kizima chaijua, naye mtoto haijui.

Kij Johnson ameshika njia ya moja kwa moja. Riwaya yake yatokana na hadithi iliyomo katika Konjaku Monogatari, ya Kaya no Yoshifuji wa Bitchū, aliyeishi na mbweha chini ya ghala lake mwenyewe akidhani yumo katika jumba la fahari. Alidhani imepita miaka 13, kumbe ni siku 13. Katika hadithi ya kale mbweha huyo hana sauti. Ni udanganyifu tu, na kisa kinapokwisha msomaji hajui aliwaza nini. Johnson amegawanya usimulizi kwa watatu: mbweha, Yoshifuji, na mkewe Shikujo, kila mmoja katika maandishi yake ya faragha. Kwa kufanya hivyo aliyekuwa adui wa nyumba amekuwa mtu mwenye hoja, na mke aliyeachwa, ambaye ngano haikumjali, amepata haki yake. Kasoro ipo: jambo moja hurudiwa na kalamu mbili au tatu, na mwendo hupungua. Lakini alichokiongeza chaonekana kuwa ni nyongeza.

Kitabu cha Gaiman ni kifupi, na kwa usanifu chashika zaidi umbo la ngano. Mbweha na mnyama mwenzake wawekeana sharti la kumtoa mtawa mmoja katika hekalu lake dogo. Washindwa, na mbweha ampenda mtawa. Mchawi apangapo kumwua mtawa kwa ndoto, mbweha aichukua ndoto hiyo yeye. Lugha ni nyepesi, na michoro ya Amano haishindani nayo. Tatizo limo katika neno la mwisho. Hapo mwandishi alisema kwamba hadithi hii aliipata katika mkusanyo wa kale wa ngano za Kijapani. Haikuwa kweli, na baadaye alieleza kwamba aliitunga mwenyewe. Wako wasomaji walioisadiki nasaba hiyo wakaitafuta asili isiyokuwapo.

Watetezi watasema huo ni mchezo wa watungaji, wala si mgeni. Mchezo ni halali pale ambapo msomaji aweza kuutambua. Msomaji wa Uingereza au Marekani asiyejua Kijapani hana njia ya kupambanua, na ngano ya uongo ikikaa safu moja na ngano za kweli, wanaodhulumiwa ni wenye ngano. Jambo hili lawahusu pia wanaokusanya hadithi za wazee katika pwani yetu: hadithi isiyo na jina la msimulizi na mahali iliposimuliwa haiwezi kujitetea mbele ya ile iliyobuniwa kwa ufundi.

Limebaki jambo la lugha. Atakayefasiri hadithi hizi kwa Kiswahili atatumia neno mbweha, kama walivyofanya wafasiri wa Biblia, ingawa msomaji wetu hufikiri mnyama mwingine kidogo. Lakini atapata faida ambayo Kiingereza hakina. Katika Kiingereza msimulizi hulazimika kuchagua mapema kama mnyama atatajwa kama kitu au kama mwanamke. Katika Kiswahili mnyama na mtu hushika upatanisho mmoja: mbweha alilia, mwanamke alilia. Kiambishi a- hakitoboi siri. Msimulizi aweza kusema ‘alikuja usiku, akalala, akaondoka alfajiri’, na sarufi isimsaliti aliyekuja. Johnson alilikwepa tatizo hilo kwa kumfanya mbweha aseme ‘mimi’. Mfasiri wa Kiswahili hatahitaji kulikwepa. Riwaya yake ndiyo istahiliyo kufasiriwa kwanza. Cha Gaiman nacho chafaa kufuata, mradi jalada liseme wazi kwamba ni utungo wa Gaiman.