Uwezeshaji wa Mgonjwa: Mwezeshaji ni Nani?

Neno "uwezeshaji" limezoeleka katika nyaraka za afya, hata katika maelezo wapewayo wagonjwa waliomaliza tiba ya saratani. Yafaa tulipime.

Neno hili latokana na kitenzi cha kusababisha, "wezesha". Hivyo hapana budi awepo mwezeshaji na mwezeshwa. Shirika la Afya Duniani, katika faharasa yake ya mwaka 1998, laeleza dhana hii kuwa ni mchakato ambao kwao watu hupata mamlaka zaidi juu ya maamuzi na matendo yahusuyo afya yao. Hapo mtendaji ni mtu mwenyewe. Katika "uwezeshaji wa mgonjwa", mgonjwa ni mtendwa. Tena, nchini Tanzania, tangu ilipotungwa Sheria ya Taifa ya Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi ya mwaka 2004, wengi walisikiapo neno hili huwaza mitaji na mikopo.

"Ufuatiliaji" nao una kasoro iyo hiyo. Hufuatiliwa mradi, deni au mtuhumiwa. Aliyetibiwa saratani ya matiti, kwa kawaida, huonana na daktari kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka 3 ya mwanzo, kisha kwa nafasi zaidi. Siku nyingine zote yuko nyumbani, na ni yeye awezaye kugundua mapema uvimbe mpya, au maumivu ya mifupa yasiyokoma. Akiambiwa kuwa yeye ni wa kufuatiliwa, atangoja afuatwe.

Kasoro iliyo kubwa zaidi imo katika "kupona". Daktari asemapo kuwa dalili za ugonjwa hazionekani, mfasiri huandika "umepona". Aliyepona hurudi kliniki kwa sababu gani? Na vidonge vya kuzuia homoni, ambavyo baadhi ya wagonjwa huhitaji kuvimeza kwa miaka 5 au zaidi, aviendeleze kwa nini?

Twapendekeza "mamlaka ya mgonjwa juu ya afya yake", "matunzo baada ya tiba", na "ugonjwa hauonekani kwa sasa". Watakuwapo watakaosema kuwa maneno haya ni marefu. Ni kweli, lakini ufupi ni sifa ya pili ya istilahi. Ya kwanza ni kutompotosha aitegemeaye. Wauguzi na wafasiri watusaidie kwa kutuletea maneno wayatumiayo wagonjwa wenyewe.